Tuliitembea Porto kwa Zamu

Ukiwaambia Watanzania wa Grand Prairie, hapa Texas, kwamba unakwenda Ureno, swali la kwanza ni moja: "Mna ndugu huko?" Hatuna. "Kuna msiba?" Hakuna. "Sasa mnafuata nini?" Kwa watu wetu ndege hupandwa kwa sababu: harusi, maziko, au kumwona mama. Kupanda ndege kwenda kushangaa madaraja ni uzungu. Mama mmoja wa msikitini kwetu alinivuta pembeni akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mume wangu anaumwa.

Haumwi. Alikuwa amepata kazi ya ofisini Houston, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka kwetu, baada ya miaka mingi ya kubeba maboksi kwenye ghala. Nasi tulikuwa hatujaamua: tuhame wote, niache hospitali yangu na watoto waache shule yao, au aende peke yake awe anarudi wikiendi kama mgeni. Kila nilipoanza kulisema, mmoja wetu alikuwa anatoka. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku, yeye kazi yake ya mchana. Kwa miaka sita tulikuwa tukipishana mlangoni, tukikabidhiana watoto kama zamu ya wodini. "Tutaongea," alikuwa akisema. Mwanzoni mwa 2018 akaona tiketi za bei nafuu za kwenda Porto, huko Ureno, akasema, "Tutaongea huko." Mimi nikaogopa. Je, tukikaa siku nne wawili tu, tukakuta hatuna la kusema?

Dada yangu anayeishi Katy, kando ya Houston, aliwachukua watoto, akatupa na ratiba. Yeye na shemeji ni watu wa maofisini, mambo ya vakesheni wanayajua. "Siku ya kwanza mna-book boti ya mtoni," aliniambia kwenye simu. "Ya pili mnapanda mnara. Ya tatu ile stesheni yenye vigae vya bluu, usiikose. Na mvae viatu vya maana, nyie watu wa Grand Prairie hamjui kutembea." Niliudhika, lakini alisema kweli. Kwetu hata kwenda kwa jirani tunaendesha.

Porto ni mji wa ngazi. Ukimaliza za kupanda unaanza za kushuka, na zote zinakwenda hotelini kwako. Tulifika asubuhi, tukakokota masanduku hadi juu, nikakaa kitandani kuvua viatu, nikalala na kimoja mguuni. Nilipozinduka kulikuwa kunapambazuka siku ya pili, na mume wangu ndiyo kwanza anavuta shuka.

"Ulikuwa wapi?"

"Kutembea," akasema, akauchapa usingizi hadi adhuhuri.

Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Mwili wangu umezoea kulala mchana, wake usiku wa Texas, na saa za Ulaya zilipoingilia kati kila mwili ukashika njia yake. Alfajiri mimi macho makavu, yeye anakoroma. Tukishakula chakula cha mchana kope zangu zinaanguka, narudi kulala, nikiunganisha na usiku, naye anabaki na mji. Nilikasirika hadi nikataka kulia. Yaani nimevuka bahari nzima kuja kupishana na mume wangu kwenye mlango wa hoteli!

Lakini hasira haikuzuii kutembea. Asubuhi nilishuka hadi mtoni peke yangu, kina mama wakianika nguo madirishani na kupashana habari kutoka dirisha hadi dirisha, kwa kelele, bila kujali nani amelala. Niliingia ile stesheni, nikasimama mbele ya vigae watu wakikimbilia treni, nimetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nilinunua vikeki vitatu vya mayai, vimebabuka kidogo juu, vya moto. Viwili vyangu, cha tatu nikamwekea mume wangu. Ngazi zilikuwa nyingi, nikakila na hicho.

Yeye jioni zake alivuka daraja la chuma, akakuta vijana wanapiga gitaa, akakaa nao. Alipanda tramu asiyoijua inakokwenda, ikamfikisha baharini. Nililijua hilo kwa sababu alinisimulia wakati wa chakula cha mchana, na mchana ndio tuliokuwa nao pamoja. Tulikwenda kimgahawa kilekile kila siku. Mara ya kwanza aliagiza mkate wao maarufu wa kujazwa nyama, nikamwahi: "Hiyo ina kitimoto, bwana wewe, nguruwe huyo!" Basi tukawa watu wa dagaa wakubwa wa kuchoma, na chumvi ya mawe. Akawa anamwigiza mpiga gitaa, anaigiza dereva wa tramu, mimi nacheka hadi meza za jirani zinageuka. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mume wangu ni mchekeshaji. Nilimpenda upya, nalisema bila haya. Ila Houston hakuna aliyeitaja.

Siku ya mwisho mhudumu alileta chai. Mume wangu akanitilia sukari vijiko vitatu, akakoroga, akanisogezea.

"Sukari niliacha," nikamwambia.

"Lini?"

"Zamani. Mtoto wa pili alikuwa hajaanza hata kutembea."

Akakiweka kijiko chini. Akasema, "Ile kazi nimeshawajibu ndiyo. Na nimeulizia apatimenti huko. Ya chumba kimoja."

Damu ilinipanda. "Bila kuniuliza?"

"Na wewe ulipoomba zamu ya usiku, uliniuliza?"

"Niliomba usiku ili watoto wetu wasilelewe na watu baki!"

"Hukuniambia hivyo. Uliniambia tu, kuanzia Jumatatu niko usiku. Nikajua umenichoka." Aliyasema taratibu, bila lawama, na hapo ndipo paliponiuma. "Sasa nianzeje kukuomba uhame na mimi?"

Miaka sita nimekesha na wagonjwa kwa ajili ya nyumba yetu, na miaka hiyohiyo mume wangu alikuwa akijifunika shuka peke yake akiamini ameachwa kistaarabu. Nililia palepale, mbele ya mifupa ya samaki. Mhudumu akadhani nimekwamwa na mwiba, akaniletea mkate mkavu nimeze. Nikaumeza, ningefanyaje?

"Chumba kimoja," nilisema nilipopata sauti. "Watoto watalala wapi?"

Akaivuta kwake ile chai yenye sukari.

"Na mimi usiku sifanyi tena. Huko Houston nitatafuta mchana. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama watoto," akasema, akafuta macho kwa leso ya mezani kama mtoto mdogo.

Usingizi ukaja kwa saa yake, kama kawaida. Nikamwambia aende akatembee, ndiyo jioni yake ya mwisho, mimi nitapanda ngazi mwenyewe. Akavuta kiti chake kando ya changu, nikaegemea. Nilipoamka meza zote zilikuwa zimeshafutwa, mhudumu anafagia, na mume wangu amekaa palepale, bega hajalisogeza.