Qabale, aliyechora jengo kwa chokaa katikati ya Isiolo

Akili yangu imekataa kabisa kuelewa. Leo mchana mkutano ulipoisha nimetoka nje mbio, nikampigia Qabale simu kumpa habari. Iliita kabla sijakumbuka kwamba tulimzika Jumamosi.

Samahani kwa post ndefu. Mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kuandika huku. Lakini nikinyamaza leo nitapasuka.

Kwa wasiomjua: Qabale ndiye yule dada architect aliyechora jengo litakalosimama katikati ya town, kwenye ile ploti iliyokuwa na vibanda vilivyochakaa. Mimi ni karani wa ofisi ya mradi. Homa ilimshika Alhamisi. Jumamosi alfajiri hatukuwa naye tena, na siku hiyo hiyo tukamzika.

Kwenye barua za ofisi kazi yake iliitwa "mixed-use development". Yeye alisema hivi: chini mnauza, katikati mnafanya kazi za ofisi, juu mnalala. Mzee mmoja akamuuliza, "Na mbuzi wangu?" Qabale akamjibu, "Mzee, mbuzi halipi rent!" Ploti nzima ikacheka, mzee mwenyewe akiwa wa kwanza.

Aliamini town yetu inakufa kila jioni kwa sababu hakuna anayelala katikati yake. Maduka yanafungwa, watu wanarudi mtaani kwao Bulla Pesa, taa zinabaki zikiwamulikia paka. "Mwenda," aliniambia, "mimi nataka mtu ashuke ngazi na slippers kununua mkate. Hiyo tu."

Hakupenda kuwaonyesha watu karatasi. Alinunua chokaa, tukachora ghorofa ya chini pale pale mchangani, kwa ukubwa wake kamili. Kuta, milango, ngazi. Mimi nilishika kamba, nikiogopa kila mstari usije ukapinda.

Halafu akaita watu waingie. Jamani!

Mama Diramu, anayeuza maziwa ya ngamia, aliingia "dukani" kwake akakalia ndoo kama mwenye nyumba. Nikapita karibu naye bila kufikiria. "Wewe Mwenda! Umepita kwa ukuta! Rudi, upige hodi!" Nikarudi. Nikapiga hodi hewani, mbele ya watu wote.

Qabale alikuwa anacheka, kisha akasimama ghafla. "Mama, na ule moto wa kufukiza mitungi utauweka wapi?"

"Hapa mlangoni, kama kila siku." Huku kwetu mtungi lazima ufukizwe kwanza. Maziwa ya ngamia yasiyo na harufu ya moshi, nani atayanunua?

Sote tukainua macho juu, kwenye anga tupu, pale ambapo vyumba vya kulala vingekuwa. Fundi mmoja wa simu, aliyekuwa ameshajichagulia chumba huko, akapiga kelele: "Haki Mama, na mimi nimeanika mashati!"

Qabale alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akafuta ukuta kwa kiatu, akachora mwingine. Ukapatikana ua mdogo nyuma ya maduka, na bomba la moshi la kupanda mpaka juu ya paa. Sijawahi kuona mtu akifurahia kosa lake namna ile.

Sasa, ua huo ndio wawekezaji walitaka kuuondoa. Walitaka parking mahali pake, na akina mama wa maziwa watafutiwe mahali nje ya town, huko njia ya Ngaremara. Uamuzi ulikuwa wa leo, na Qabale ndiye angeutetea.

Jana bosi akaniambia, "Mwenda, wewe ulikuwa naye kwa site kila siku. Utaongea wewe." Mimi! Mimi ambaye hufanya mazoezi kichwani kabla ya kuagiza chai! Nimeingia boardroom, nikakalia mikono yangu yote miwili.

Mwekezaji mmoja akaanza: "Kijana, nani atalipa rent nzuri akae juu ya moshi?" Presentation yote ikanitoka kichwani.

Nikasema tu tulichokuwa tukikiona mimi na Qabale kila asubuhi. "Mzee, watu hutoka nyumbani mapema kufuata maziwa. Wakishayapata wananunua sukari, mkate, credit. Ukiwapeleka akina mama njia ya Ngaremara, wateja wa asubuhi wataenda nao. Maduka yako ya chini yatafunguliwa na kukosa mtu."

"Kwa hivyo moshi ndio customer wangu?" Wakacheka wote.

Nikasikia sauti yangu ikijibu, "Ndiyo, mzee. Na bomba linapita paa. Liko kwenye drawing, hapo mbele yako."

Akaangalia. Akaangalia tena. Halafu akauliza ni fundi gani wa hapa Isiolo anaweza kutengeneza bomba kama hilo, na bosi akanikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha.

WAMEKUBALI! Ua unabaki, parking inahamia upande wa barabara. Wiki ijayo wanaanza kuchimba msingi, na mimi nimepewa kazi ya kushughulikia wapangaji wote wa chini. Naogopa vibaya sana, na sijawahi kufurahi hivi.

Mama Diramu alikuwa nje akisubiri. Nilipomwambia, hakupiga kelele hata kidogo. Alifunika uso kwa mtandio, kisha akasema, "Mwambie."

"Nitamwambiaje, Mama?"

"Andika. Si nyinyi vijana mnaandikiana usiku na mchana?"

Basi nakuandikia, Qabale. Ua wako umebaki. Akina mama hawaendi popote.

Lala sasa, dada yangu. Lala bila wasiwasi.