Umande wa Guildford

Nilipokuwa mtoto, ukungu wa Sydney ulikuwa mzito kuliko wa siku hizi. Labda si kweli. Labda ni kumbukumbu yangu tu inayovuta shuka juu ya kila kitu cha wakati ule, kwa kuwa ndio mwaka ambao macho ya Mama yalianza kufifia.

Tuliishi Guildford, chini kabisa katika jengo la matofali mekundu: Baba, Mama, na mimi Rehema, mtoto wao wa pekee. Baba alikuja kusoma. Mchana alikuwa chuoni, usiku alipakua makontena bandarini Port Botany. Mama alikuwa na kisukari, na kisukari kikampanda machoni. Daktari akasema dawa yake ni sindano ndani ya jicho, tena na tena, huenda kwa miaka. Bima yetu ya wageni haikugusa ugonjwa tuliokuja nao kutoka nyumbani, kwa hiyo kila sindano ilimla Baba mshahara wa siku nyingi.

Bibi mzaa mama alikuwa Lushoto. Alipopata habari kwenye simu hakulia wala hakuuliza bei. Aliniita mimi.

"Mjukuu wangu, huko kwenu kuna umande?"

"Upo, Bibi." Mama nilizoea kumjibu kwa Kiingereza, lakini kwa Bibi Kiswahili kilinitoka chenyewe.

"Basi nisikilize. Amka jua halijatoka, usiseme neno na mtu. Pitisha kitambaa cheupe kwenye nyasi, kamua kwenye bakuli, umpanguse mama yako macho. Fanya hivyo mpaka mwezi uandame. Ukisema neno njiani, utabaki na maji matupu."

Mama alicheka kidogo, halafu akawa mpole. "Daktari kakataza kitu kuingia ndani ya jicho," akaniambia. "Utanipangusa juujuu, nimefumba."

Basi nikawa mtoto wa alfajiri. Hata leo nikifumba macho nauona ule uwanja nyuma ya jengo letu, nyasi zimeinama kwa uzito wa maji, nyaya za kuanikia nguo zimening'inia bila mwisho kwenye weupe. Wale ndege wanaocheka kama watu walikuwa wakiamka mahali fulani juu ya ukungu. Nilivuta kitambaa, nikakamua, nikavuta tena, midomo nimeibana kana kwamba neno ni ndege anayeweza kuniponyoka. Nikirudi, namkuta Mama amemaliza kuswali, ameketi jikoni, uso ameuinua kama mtu anayengoja mvua. Nampangusa kope. Hatusemi kitu. Sijui kama nimewahi kuwa karibu na mtu yeyote kama nilivyokuwa naye asubuhi zile.

Siku mwezi ulipotarajiwa kuandama, nilitoka bila sweta. Mama akaona, au tuseme aliipapasa pale kwenye kiti, akanifuata nayo. Mimi nilikuwa nimeshajaza bakuli, narudi. Nikamwona anatokea kwenye kona ya jengo, sweta mkononi, anavuka njia ya magari kwa hatua za mtu aliye sebuleni kwake. Kushoto kwake gari la jirani yetu, Mzee Gaspari wa Burundi, lilikuwa linarudi kinyumenyume kutoka maegeshoni, taa zake nyekundu zikiwaka ndani ya ukungu. Mama hakugeuza hata shingo.

Nakumbuka neno likiwa limesimama kooni. Nakumbuka kwamba nilijua bei yake.

"Mama! Gari! Simama!"

Akasimama. Gari nalo likasimama pale pale, hatua moja tu kutoka kwake. Bakuli lilikuwa limeshanianguka.

Mzee Gaspari akashuka. "Mama Rehema, kweli hukuniona? Na mataa yote haya?"

Mama aliutazama upande wa sauti yake. "Sikuona taa," akasema.

Mimi nilikuwa nalia. "Nimesema, Mama. Nimesema, umande umeharibika."

Akanivalisha sweta, akitafuta mikono yangu kwa vidole.

Baba aliporudi kutoka zamu, Mama alimweleza yote. Kumbe sindano mbili hakwenda kuchomwa. Alikuwa amemdanganya Baba kwamba daktari amesogeza tarehe, maana alikuwa anamwona anavyosinzia juu ya sahani ya ugali. Baba hakufoka. Alikaa sakafuni, karibu na miguu yake, akasema, "Chuo kitanisubiri. Jicho halisubiri." Wiki ile akaahirisha masomo, akachukua zamu za mchana pia.

Bibi nilimpigia kwa woga, nikamweleza nilivyovunja mwiko.

"Ungenyamaza," akasema, "ningekuchapa kutoka huku huku. Mpe simu mama yako." Na huko ndani nikamsikia Mama akisema "ndiyo, Mama, ndiyo, Mama," kama mtoto mdogo.

Jicho la kulia lilipona kiasi cha kusoma maandishi makubwa. La kushoto lilibaki na ukungu wake. Baba alimaliza shahada baada ya miaka mingi, nywele zimeshaanza mvi.

Nimekuwa mtu mzima, na watu huniuliza kama naamini mambo ya umande. Nawajibu kwamba sijui. Ninachojua ni kwamba nyumbani kwetu kila mmoja alikuwa amenyamaza ili kumlinda mwenzake, na ukimya ule tuliuita uvumilivu, mpaka ukakaribia kumuua mmoja wetu asubuhi ya ukungu. Siku hizi Mama akipanda treni humwambia hata mtu asiyemjua, "Mimi upande huu sioni, nishike mkono." Naye humshika. Kila nikimsikia, moyo wangu hutulia.