Kanga Juu ya Sinia

Miaka ile ya soko huria, serikali ilikuwa imeacha kutupangia kazi sisi wahitimu. Mhadhiri wetu pale Morogoro alikuwa na nafasi moja tu ya msaidizi wa maabara, na tulioitaka tulikuwa wawili: mimi na binti niliyesoma naye. Kila mmoja alipewa kaya moja huko juu Uluguru, asafishe maji ya kijito kwa jua.

Mimi nilijaza chupa za plastiki, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kuzagaa mjini, nikazilaza juu ya bati. Mwenzangu alipaka vioo unga mweupe, ule unaotiwa kwenye rangi za nyumba, akavipanga ndani ya sinia la maji. Unga ule ukipigwa na jua huua bakteria. Siku za mawingu chupa zangu zilishindwa. Sinia lake halikushindwa. Nilikwenda kulitazama kwa kisingizio cha kumsalimia mama wa kaya ile, nikasimama pale hata uji niliokaribishwa ukapoa. Kwa nini sikuwaza hivyo mimi? Tulisoma kitabu kilekile.

Nilipopita tena, saa sita mchana, sinia lilikuwa limefunikwa kanga.

"Shikamoo mama. Mbona limefunikwa?"

"Marahaba. Jicho si zuri, mwanangu."

Neno moja tu lingetosha. Lakini nilijiambia jaribio si langu, nikiingilia nitaliharibu. Kwamba huenda mwenzangu ndiye aliyeagiza. Kwamba kanga ni nyepesi, jua litapenya. Niliteremka mlima na sababu zangu zote.

Majibu yalipotoka, maji yake yalijaa bakteria. Mhadhiri akasema nafasi ni yangu. Mwenzangu alinifuata nje.

"Juzi ulipita kwa mama. Hukuona kitu?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu manne. Nikasema, "Niliona kanga. Nikanyamaza."

Tulirudi ndani nikayasema hayohayo mbele ya mhadhiri, naye akaagiza jaribio lianze upya.

Kesho yake tulipanda pamoja. Njia nzima alitangulia, nami nikamfuata nyuma. Mama alitukaribisha, akamwambia yeye, si mimi, "Nililifunika tangu siku ile mwenzako alipolitazama sana. Nikaogopa."

Mwenzangu aliondoa kanga, akaikunja taratibu. Nikasogea nyuma, kivuli changu kisiangukie sinia.