Alignment inasoma kijani, tairi za nyuma kipara: nilichokigundua kwenye ndinga yangu barabara ya Mwanza–Bariadi

Wakuu, mwadila!

Hili jambo limenikaa kifuani, nimeshindwa, lazima nilimwage hapa leo. Sijaongeza chumvi hata punje. Anayebisha aje Bariadi, nitampandisha kwenye hilohilo gari ajionee.

Mimi nina duka la simu hapa mjini, na nina ugonjwa mmoja tu: magari. Baada ya kuhangaika sana nikapata sports car ya Kijapani, milango miwili, nyekundu, ikiamka asubuhi mtaa mzima unajua Baba Kulwa anatoka.

Nikaifunga springi fupi ili ilale chini. Wakuu, ile kitu ilikuwa tamu! Acheni tu.

Shida ikawa tairi.

Tairi za nyuma zilikuwa zinaliwa upande wa ndani. Ukisimama nyuma ya gari unaona meno mazuri, unajisifu. Ukiinama ukapitisha mkono kwa ndani unakuta kipara, nyuzi za waya zinachungulia.

Nikabadilisha. Zikaliwa. Nikaweka aina nyingine. Zikaliwa vilevile.

Siku moja narudi kutoka Mwanza na mke wangu, tairi moja ikapasuka tukiwa kwenye spidi. Gari likatikisa mkia, nikalishikilia hadi likasimama pembeni ya shamba la pamba. Mama Kulwa akashuka, akalitazama tairi, wala hakupiga kelele. Mnamjua mwanamke wa Kisukuma akikasirika kimyakimya? Ogopa!

"Baba Kulwa," akasema, "zikiliwa tena, hili gari linauzwa. Sitaki wanangu wawe yatima kwa ajili ya mbwembwe."

Na hakuwa anatania. Kuna jamaa wa Shinyanga alikuwa analimezea mate gari langu siku nyingi, mke wangu akampa namba yangu. Akawa ananipigia kama mtu anayedai: "Kaka, bado tu?"

Kwa hiyo nikabaki na njia moja. Nijue kinachokula tairi, au ndinga iende Shinyanga.

Nikakimbilia alignment. Kwa wasiojua, ni kupima kwenye mashine kama tairi zinakanyaga chini zikiwa zimenyooka, halafu fundi anarekebisha. Mwanza kuna gereji moja nzuri, fundi wake nimwite Masunga. Akapima. Skrini kijani mbele, kijani nyuma.

"Bosi, gari limenyooka kama rula," akaniambia.

Nikatoka nacheka. Baada ya safari chache napitisha mkono kwa ndani, upara ule umeanza. Nikarudi kwa Masunga, kijani tena! Wote wawili tukabaki tunakuna vichwa. Jirani yangu mmoja akanishauri niende kwa mtaalamu wa kienyeji, eti gari jekundu linavuta macho ya watu. Nilimcheka, ila usiku nililifikiria kidogo, siwafichi.

Sasa ngojeni niwaeleze kuhusu mama yangu.

Mama anakaa Kiloleli, kule Busega, palepale njiani. Analima mpunga. Kwake mtoto hapiti bila kusimama, na akisimama haondoki mikono mitupu. Nikienda Mwanza kuna mzigo wa dada yangu Milembe. Nikirudi Bariadi kuna mzigo wa Mama Kulwa. Mchele, dengu, michembe ile ya viazi vitamu vya kukaushwa, na jogoo amefungwa miguu. Hii siyo ya sikukuu jamani, ni kila safari! Na kukataa ni sawa na kumtukana.

Sasa mtu na sports car yake aingie gereji ya mjini na jogoo anawika kwenye buti? Thubutu! Kila nikienda kupima nilikuwa napitaga kwanza kwa dada Milembe, nashusha kila kitu, nakung'uta pumba, navaa miwani yangu, ndipo naenda kwa Masunga.

Najua wengine mmeshanielewa. Mimi wakati huo wala.

Ikatokea mama anataka kwenda kumsalimia dada, nikampakia yeye na mzigo wake. Tulichelewa njiani, na Masunga alikuwa ananisubiri, nikaona nipite gereji moja kwa moja. Aibu nikaimeza.

Masunga akafungua buti, akashika kiuno. "Mama, shikamoo. Tunaomba tushushe hii mizigo kidogo tupime gari."

"Marahaba. Mtauweka wapi mchele wangu? Kwenye hii oili? Haushuki."

"Mayu, ni muda mfupi tu," nikambembeleza.

"Ng'wana wane, nimesema haushuki."

Masunga akanitazama, nikamtazama. Akasema basi, tupime hivyohivyo. Mama akapewa kiti.

Wakuu! Skrini ilipowaka, nyuma kote nyekundu! Kulia nyekundu, kushoto nyekundu!

"Bosi, umeingia mtaroni?" Masunga akauliza.

Mtaroni wapi, mimi macho yamenitoka. Nikaangalia skrini, nikaangalia buti, nikapiga ukelele gereji nzima ikageuka. "Mchele! Masunga, ni mchele!"

Ikabidi nimpigie mama magoti atuachie tujaribu. Akatandika kitenge chake sakafuni, akasimamia mwenyewe. Tukatoa gunia la kwanza, namba zikasogea. Tukatoa la pili, zikasogea tena. Dengu zikatoka, michembe ikatoka, kijani hiyo hapo! Tukarudisha mzigo, nyekundu! Tulirudia kama watoto, mafundi wengine wameacha kazi zao wanashangilia.

Maelezo ni mepesi. Gari langu halikuwahi kutembea tupu. Springi fupi, juu yake magunia, makalio ya gari yanazama, tairi za nyuma zinainamia ndani kwa juu, uzito wote unaangukia ule ukingo wa ndani. Halafu mimi nalipeleka kupimwa likiwa limeshushwa mzigo.

Mama kwenye kiti akauliza, "Kwa hiyo ninayekula tairi zako ni mimi?"

"Ni wewe, mayu!" nikajibu huku nacheka, nagonganisha mikono na Masunga. Furaha ilinipofusha, sikumwangalia usoni.

Safari iliyofuata nikasimama Kiloleli kama kawaida. Mama akanipa chai, tukaongea. Nikaaga. Hakuna gunia, hakuna jogoo. Kasimama barazani, mikono kaifungia ndani ya khanga.

"Nenda salama mwanangu. Gari lako lisiumie."

Wakuu, gari lilikwenda siku ile! Limenyooka, halivuti kulia wala kushoto, raha yote niliyokuwa naitafuta. Na mimi ndani yake naumwa roho, sikuwahi kuchukia safari kama ile.

Nimefika nyumbani, Mama Kulwa kafungua buti, kaona tupu. Akanigeukia haraka.

"Mama anaumwa?"

Nikafunga buti, nikaingia ndani.

Wiki hiyohiyo nikarudi kwa Masunga na magunia yangu mwenyewe kwenye buti. Nikamwambia ng'oa springi fupi zote, rudisha zile gari lilizokuja nazo. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia ng'oa kabla sijalia. Tukapima na mzigo, tukapima bila mzigo, akarekebisha mpaka kote kukawa kijani.

Jamaa wa Shinyanga akaja kuliona. Akalizunguka, uso umemshuka. "Kaka, umeliharibu. Limesimama kama la kubebea marobota ya pamba!" Akaondoka zake. Mama Kulwa alicheka hadi akakaa chini.

Kisha nikaenda Kiloleli. Mama akanipa chai, nikaaga, akasimama palepale barazani. Nikafungua buti, nikaingia stoo, nikatoka na gunia la mchele begani.

"Wewe! Na tairi?"

"Tairi zimekubali, mayu. Pakia."

Kisha akafungua mikono, akageukia nyuma ya nyumba, akawaita vijana kwa sauti yake yote: "Leteni na yule jogoo mwekundu! Na dengu! Fanyeni haraka, mtoto ana safari!"

Nimeshapiga safari nyingi tangu siku ile. Juzi Mama Kulwa aliinama mwenyewe, akapitisha mkono kwa ndani ya tairi. Meno yapo sawasawa, ndani na nje. Akajifuta vumbi, akasema gari nibaki nalo.

Nilichojifunza: gari lipimeni likiwa na maisha yake ya kila siku. Kama unabebaga mzigo, nenda na mzigo, mwambie fundi ukweli, aibu weka pembeni. Na ukishusha gari lako chini, ujue umewashusha na watu wako.

Haya, uwanja ni wenu. Mafundi nikosoeni, wenye ndinga zilizolala chini semeni tairi zenu zinaendaje. Na wewe, mzazi wako anakupakiaga nini?