Kibao cha Zamu

Jirani yangu Nevzat Karabulut alikuwa na nyumba ya ghorofa nne kule kwetu Yozgat, Uturuki, na hakuwahi kulala ndani yake hata usiku mmoja. Alilala hapa Stuttgart, Ujerumani, mlango unaotazamana na wangu, katika fleti ya kupanga ambayo dirisha lake la jikoni halijawahi kufunguka vizuri. Ukimwuliza kwa nini mtu mwenye nyumba yake anaishi kama mpangaji, alikuwa akikuna kidevu na kukujibu kwa sauti ya meneja wa benki.

"Dada Nuriye, ile si nyumba ya kulala. Ile ni kitega uchumi."

Waturuki wote wa kiwandani alikofanya kazi walikuwa na vitega uchumi. Huyu ana duka Kayseri, amempangisha muuza mapazia ambaye ni binamu yake na kwa hiyo halipi. Yule ana fleti mbili pwani ya Antalya, anaziona kwenye picha tu, kwa kuwa kila kiangazi zina wageni na yeye analala kwa mkwewe. Wakikutana baada ya sala ya Ijumaa wanaulizana habari za wapangaji kwanza, watoto baadaye.

Mkewe Gülizar hakutaka kitega uchumi. Alitaka fleti ya chini ya nyumba ileile, yenye kiwanja kidogo nyuma cha kupanda pilipili. Humo alikuwa akiishi Bibi Elmas, mjane, ambaye ndiye aliyemlea Gülizar baada ya mama yake kufariki. Gülizar alikuwa amemwahidi bibi huyo kwamba watakaa pamoja kabla mmoja wao hajaondoka duniani. Kila mwaka alimwuliza mumewe, "Tunarudi lini?" na kila mwaka Nevzat alijibu, "Nyumba ikishapata nidhamu." Na usidhani Bibi Elmas aliishi bure. Nevzat alimtoza kodi mlezi wa mke wake, akamsamehe ya maji tu, kisha akajisifu kwa hilo mpaka imamu akamwombea dua.

Sasa nikueleze hiyo nidhamu ilitoka wapi, maana kwao haikutoka.

Mwenye nyumba wetu hapa Stuttgart ni Bi Häberle, mama wa Kijerumani aliyezidi miaka themanini, anaishi chini kabisa na masikio yake yanafika mpaka juu. Katika nyumba yake kila familia ina wiki yake ya kufagia ngazi na kuzipiga deki. Wiki yako ikifika, unakuta kibao cha mbao kimetundikwa kwenye kitasa cha mlango wako. Hakuna anayekuambia kitu. Kibao kinasema. Usipofagia, Bi Häberle anapanda taratibu, anapitisha kidole kwenye ukingo wa ngazi, anakitazama, kisha anakutazama wewe. Na viatu? Usithubutu. Kiatu kikionekana nje ya mlango, kwake ni sawa na maiti.

Nevzat alipofika hapa kijana, kibao kile kilimwuma kuliko kibao cha shavuni. "Mimi mtoto wa Karabulut nifagie ngazi za watu!" alifoka. Basi akafagia. Akafagia miaka thelathini na moja, mpaka ikamwingia kwenye damu. Akaanza kupitisha kidole na yeye. Akaanza kunigongea mlango mimi: "Dada Nuriye, samahani, kona ile ya tatu umeiruka." Kona ya tatu! Nilitamani kumpiga kwa ufagio. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, lakini hawakusema lolote kuhusu mtumwa anayeipenda kazi yake.

Nyumba ya Yozgat ilipokamilika, Nevzat alimpelekea fundi seremala wa huko picha ya kibao cha Bi Häberle. Fundi akachonga kilekile, cha mti wa mjozi, kikaandikwa kwa herufi kubwa: ZAMU YAKO. Nevzat akatunga na kanuni. Ngazi zifagiliwe kila wiki kwa zamu, pasiwe na msamaha kwa mtu yeyote. Viatu visiwekwe nje ya milango. Mwenye shida ampigie mwenye nyumba simu Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, kwa saa za Ujerumani.

Wapangaji walicheka hadi wakakaa chini. Bi Şadiye wa ghorofa ya kwanza, ambaye ulimi wake unaweza kumenya vitunguu, alimpigia siku ya Jumapili makusudi.

"Bwana Nevzat, hicho kibao ni cha kukatia nyama?"

"Ni cha zamu, Bi Şadiye. Na leo si siku ya simu."

"Zamu ya nini? Ngazi anafagia mama wa mtaa wa pili, tunamlipa sote, analisha watoto wake. Wewe unataka afe njaa ili sisi tuwe Wajerumani?"

"Nataka mjifunze kujitegemea."

"Haya, Mjerumani. Na viatu tuweke wapi, kitandani?"

Ukweli wenyewe ni kwamba Nevzat alizaliwa katika nyumba ambayo viatu vilijaa mlangoni. Kwetu mtu anavua nje ndipo anaingia. Viatu vya mlangoni ndivyo vinavyokuambia kama baba karudi, kama shangazi kaja, kama kuna posa. Lakini mtu akishatekwa na kona ya tatu, mama yake mwenyewe humsahau.

Wapangaji waliendelea kuvua viatu nje. Nevzat akanunua kamera yenye kipaza sauti, akamtuma fundi aifunge chini ngazini, mkabala wa mlango wa Bibi Elmas. Kuanzia hapo Jumamosi ikawa siku ya ukaguzi. Anakaa mezani Stuttgart, chai mkononi, simu ameiegemeza kwenye bakuli la sukari, anawafokea watu walio mbali naye nchi saba. "Wewe mwenye ndala za bluu! Ndiyo, wewe!" Watu wakaruka kwa hofu mara mbili tatu, kisha wakazoea, wakawa wanaipungia mkono kamera wanapopita.

Gülizar aliona aibu. "Nevzat, muondolee Bibi Elmas zamu basi. Magoti yake hayakunjiki."

"Bi Häberle ana umri kama wake na anafagia."

"Bi Häberle hakunilea mimi."

"Sheria ni sheria, mke wangu. Ukimtoa mmoja, kesho wote wana magoti."

Bi Şadiye ndiye aliyekuwa akimfagilia bibi huyo kimyakimya, Nevzat akidhani kanuni zake zinafanya kazi. Wahenga husema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.

Jumamosi niliyoishuhudia, nilikuwa nimempelekea Gülizar sketi yake niliyoipunguza kwenye cherehani yangu. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kazini kwenye tanuri la mikate, simu yake imeisha chaji, yuko jikoni anachemsha chai. Simu ya Nevzat ilikuwa imeita tangu asubuhi, namba za Yozgat moja baada ya nyingine. Hakupokea. Haikuwa Jumanne wala Alhamisi.

Akafungua kamera. Akaruka kwenye kiti.

"Tazama, Dada Nuriye! Tazama ushenzi huu!"

Nikatazama. Ngazi nzima ilikuwa viatu. Viatu vya wanaume, vya wanawake, vya watoto, vimepanda ngazi mpaka kamera haioni tena. Kibao cha zamu kilikuwa kinaning'inia kwenye mlango wa Bibi Elmas. Na mbele ya mlango ule, peke yake, jozi moja nyeusi iliyolika visigino ilikuwa imepangwa vizuri, ncha zimeelekea nje.

Mimi niliielewa jozi ile palepale. Nikasema, "Nevzat, ngoja kidogo..." Lakini alikuwa ameshabonyeza kipaza sauti.

"Enyi watu! Hii ni nyumba au soko la viatu? Wiki hii zamu ya nani? Nakiona kibao, zamu ya chini! Mwiteni Bibi Elmas atoke afagie! Na hivyo vyeusi vilivyochakaa, vitupeni jalalani, vinatia aibu nyumba yangu!"

Mlango ukafunguka. Kutoka ndani tukasikia wanawake wakisoma Yasini, halafu kisomo kikakatika. Bi Şadiye akatoka, kajitanda mtandio mweupe, macho mekundu.

"Bwana Nevzat," akaiambia kamera, tena bila kelele, jambo ambalo sijawahi kumsikia akifanya. "Hivyo vyeusi ni vya Bibi Elmas. Amefariki alfajiri, tumemzika adhuhuri. Tumekupigia mpaka tumechoka. Zamu yake imekwisha."

Kwetu mtu akifa viatu vyake huwekwa nje ya mlango, ncha zikielekea njiani, apewe maskini wa kwanza kupita. Mtoto wa miaka mitano Yozgat analijua hilo. Nevzat alikuwa akilijua. Nilimwona analikumbuka pale mezani, uso ukimwisha rangi, kidole bado kiko kwenye kipaza sauti.

Nyuma yetu bilauri ya chai ilianguka. Gülizar alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, na alikuwa amesikia yote.

Hakupiga kelele. Natamani angepiga. Alikaa chini sakafuni akaanza kuokota vipande vya bilauri, akirudia, "Nilimwahidi. Nilimwahidi jamani." Nilimshika mikono ili asijikate, tukalia wote wawili. Nevzat alileta ufagio. Ndicho alichoweza.

Asubuhi yake nilimsindikiza Gülizar uwanja wa ndege na sanduku moja. Nevzat alikuja na sisi, akasimama penye foleni akikunjakunja kofia yake.

"Mimi likizo yangu ni Agosti," akasema.

"Basi njoo Agosti," Gülizar akamjibu, akaingia ndani.

Baada ya arubaini hakurudi. Alimpigia mumewe simu, siku ya Jumatatu, akamwambia maneno machache: fleti ya chini ameichukua yeye, kodi asimtarajie, na mwajiri wake wa tanuri la mikate atafute mtu mwingine. Kisha akachukua mtandio wa Bibi Elmas akaifunika kamera.

Mtandio unafunika jicho, haufuniki sikio. Jioni moja nilipita kumpelekea supu nikamkuta Nevzat mezani palepale, simu imeegemea bakuli la sukari, kioo cheusi tii. Alikuwa anasikiliza. Bilauri zikigongana, mtoto akishuka ngazi mbiombio, Bi Şadiye akimtukana muuza vitunguu. Halafu Gülizar akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo hapa kwetu. Nevzat akaniangalia kama mtu aliyekamatwa anaiba.

"Wameacha taa ya ngazini inawaka," akasema. "Nilikuwa naangalia taa."

"Utaionaje taa, kaka, na kamera imefunikwa?"

Akaanza kunywa supu.

Wiki za zamu yake zikapita, na kibao cha Bi Häberle kikaning'inia kwenye kitasa chake mpaka kikashika vumbi. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, Nevzat Karabulut hakufagia. Bi Häberle akapanda taratibu. Nilifungua mlango wangu kidogo nisikie, sioni haya kusema. Nilidhani atamfukuza.

"Bwana Karabulut, mkeo yuko wapi?"

"Yuko kwenye nyumba yangu, Yozgat."

"Wewe una nyumba?"

"Ya ghorofa nne," Nevzat akasema, na hata hapo alijinyoosha kidogo.

Bi Häberle alimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Sasa wewe unafanya nini kwenye ya kwangu?"

Akachukua kibao, akashuka nacho, akafagia mwenyewe.

Agosti tulisafiri ndege moja, maana na mimi nilikuwa naenda kwa dada yangu. Tulipofika mlangoni, Yozgat nzima ilikuwa imejibanza kwenye madirisha. Hakuna aliyemsalimu. Ngazini viatu vilikuwa mahali pake pa zamani, vimejaa. Nevzat akavua vyake, akatoa mfuko wa plastiki kwenye koti, akaanza kuvitia humo aingie navyo ndani, kama afanyavyo kwa Bi Häberle.

Gülizar alitoka na mikono ya unga. Akamnyang'anya mfuko, akavitoa viatu, akaviweka chini kando ya vyake.

"Viache hapo," akasema. "Watu wakipita wajue humu ndani mna mwenyewe."

Machozi yalimtoka Nevzat, akayafuta kwa kofia. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliona jikoni kile kibao chake cha mjozi, ambacho Gülizar alikuwa akikatia tambi, herufi zake zimejaa unga.

"Sasa watu watajuaje wiki hii ni zamu ya nani?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Yako!" Bi Şadiye akaitikia kutoka ghorofa ya kwanza. "Na ijayo yako, na ile nyingine yako! Ufagio uko nyuma ya mlango, Mjerumani, na yule mama wa mtaa wa pili utamlipa vilevile!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nevzat akachukua ufagio, akapanda mpaka juu kabisa na soksi zake, akaanza kushuka akifagia. Kila alipofika mlangoni pa mtu aliinama, akainua viatu jozi kwa jozi, akafagia chini yake, akavirudisha kama alivyovikuta.