Matundu Tisa

Nilipopewa kiti katika chumba cha uchoraji cha karakana ya reli, Tabora, nilivimba kichwa. Kabla yangu hakuna Mwafrika aliyekaa pale. Bwana mkubwa, Mwingereza, alinipa mwezi mmoja wa majaribio: nikivuruga, nirudi stoo kubeba mapipa ya mafuta.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa wa bamba la chuma la kufungwa kwenye injini, lenye matundu tisa kwa mstari mmoja. Baba yangu alikuwa mpagazi, na kwetu njia ya pwani ilihesabiwa kambi hadi kambi. Nami nikapima vivyo hivyo: tundu la kwanza hadi la pili, la pili hadi la tatu, mpaka mwisho. Kando ya kila kipimo nikaandika kosa linaloruhusiwa: moja ya sitini na nne ya inchi, kuzidi au kupungua. Nikajiona bingwa.

Aliyetoboa alikuwa fundi mzee wa Usoke, mtu wa maneno machache. Bamba lilipopelekwa kwenye injini, bolti za mwanzo ziliingia. Ya tisa ikagoma kabisa. Bwana mkubwa akafoka kwamba mzee haoni tena, kesho asije.

Nikachukua rula nikapima. Kila nafasi ilikuwa imezidi kidogo, na hakuna iliyovuka ruhusa yangu. Lakini nafasi zilikuwa nane, na vikosa vyake vikijumlishwa vilifika nusu ya robo inchi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho nilikijaza mimi. Niliogopa, sikufichi. Mzee alikuwa ameshaanza kuvua aproni.

"Bwana, fundi amefuata karatasi," nikasema. "Aliyekosea ni mimi."

Alinikazia macho. Kisha akapima mwenyewe, akanisukumia karatasi mpya.

"Pima yote toka ukingo mmoja, makosa yasijumlike. Mzee abaki. Na wewe kaa."

Kesho yake mzee alitoboa bamba jipya, na bolti zote tisa ziliingia kwa vidole. Nilifurahi hadi nikasahau kula.

Wiki iliyofuata nilimpelekea mzee mchoro mwingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akaubandika kwenye mashine bila kuukagua.

"Huuangalii kwanza?"

"Mtu anayesema 'nimekosea', mchoro wake mimi natoboa tu."

Nikamwomba anirudishie, nikaenda kuupima upya.