Didas, mpiga video aliyefuta kicheko cha Zita

Saa nane mchana, ndani ya ghala tupu la mahindi huko Gendabi, wilayani Hanang, kuna giza. Mablanketi manne yametundikwa madirishani. Didas Margwe, mwenye miaka 36, anafuta lenzi ya projekta kwa ncha ya shati lake, kisha anawasha.

Ukutani picha inatikisika. Mtu aliyeshika kamera anahema. Mzee anasali kwa sauti nzito, na msichana amelala sakafuni, uso umeelekea ukutani. Polepole anageuka. Macho yake ni meupe tu.

Mtoto wa benchi la pili anajificha ndani ya kitenge cha mama yake.

Didas anasimamisha picha. "Sasa naomba dada asimame," anasema.

Kwenye benchi la nyuma anainuka binti aliyevaa sweta ya kijani. Ni yule yule wa ukutani. Wanawake wawili waliokaa naye wanasogea pembeni.

"Shikamooni wazee," anasalimu. Marahaba zinazorudi ni za kuhesabu.

Anaitwa Zita Nicodemo, ana miaka 27, ni fundi cherehani mjini Katesh. Mbele ya watu wapatao sitini anaonyesha jinsi alivyogeuza macho, jinsi alivyotoa ile sauti ya kooni, jinsi alivyojipaka unga wa muhogo usoni. Anafanya vizuri mno, na hapo ndipo penye balaa. Mama wa yule mtoto wa benchi la pili anambeba mwanawe na kutoka.

"Mwanangu," anasema bibi mmoja bila ukali, "hata huyo pepo mwenyewe akitaka kutudanganya, si atasema anaigiza?"

Didas anazima projekta.

Didas amekuwa mpiga video tangu mwaka 2011. Harusi, kipaimara, misiba, amepiga vyote. Msimu ukiwa mzuri alikuwa akipata harusi nne kwa mwezi, kila moja laki mbili na nusu. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye filamu za kutisha, hasa zile zinazotengenezwa zionekane kama kamera imeokotwa na wenyewe hawajulikani walipo. Alikuwa akiziazima kwenye flashi na kuzitazama akila chakula cha mchana.

"Zile hazina muziki, hazina taa," anasema. "Na mwishoni hazina majina ya waigizaji. Ukiweka majina, umeshaiua."

Mwaka 2022 akatengeneza yake, katika nyumba iliyohamwa huko Masakta. Katekista anakwenda kumwombea binti mgonjwa, harudi, inaokotwa kamera tu. Binti alikuwa Zita, mwanakwaya aliyemjua kwa kumpiga video kanisani. Katekista alikuwa Mzee Agustino, ambaye ni katekista mstaafu kweli.

Mzee Agustino akaleta jambo ambalo Didas hakulitarajia. Alikataa kuigiza sala.

"Nilimwambia, kijana, sala haiigizwi," anakumbuka mzee huyo wa miaka 68. "Nikifungua mdomo nasali, basi nasali. Nikasali ile yenyewe, mpaka amina."

Didas alifurahi, kwa kuwa picha ilitoka ya kweli kuliko alivyoiota. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Didas mwenyewe haombi pole.

Kipande cha dakika saba kilitoka kwenye simu moja kikaingia nyingine, kikafika Hirbadaw, nyumbani kwa akina Zita. Huko sauti ya Mzee Agustino inajulikana. Watu wakauliza swali ambalo mpaka leo halijapata jibu la kuwaridhisha: kama sala ni ya kweli, alikuwa anafukuza nini?

Paroko alitangaza mara mbili kanisani kwamba ile ni filamu. Waumini waliitikia amina, wakatoka nje, wakaendelea walipoishia.

Ipo desturi ya zamani ya Wairaqw, wazee huiita metimani. Boma lililopatwa na jambo zito hutengwa mpaka litakaswe. Haliazimwi moto, halialikwi kwenye kazi za shamba, na ng'ombe wake hawachanganywi na wa wengine. Hakuna kikao kilichokaa kulitenga boma la Mzee Nicodemo, baba yake Zita. Majirani waliacha tu kupita pale, mmoja mmoja. Familia ya mchumba wa Zita nayo ikanyamaza.

Juni mwaka jana mama yake Zita, Ludovika, alifariki kwa shinikizo la damu. Kwa kawaida kaburi huchimbwa na vijana wa majirani. Safari hii walichimba watu wanne: kaka wawili wa Zita, Mzee Agustino na Didas.

"Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, tukamaliza saa tisa," anasema Didas. "Udongo ulikuwa mkavu. Majirani walisimama kule barabarani, wamevua kofia. Walikuwa na huzuni kabisa. Ila hawakuvuka."

Baada ya mazishi baba alimwita Zita pembeni.

"Hakunifukuza kwa hasira," anasema Zita. "Alisema, mwanangu, ng'ombe wananyimwa maji kisimani. Kaa kwanza huko Katesh mpaka hili liishe. Halafu akaniuliza, lakini kweli ulikuwa unaigiza? Hilo la kuniuliza ndilo lililoniumiza."

Tangu siku hiyo hajaliona kaburi la mama yake.

Kulikuwa na ushahidi. Siku ile ya Masakta, Mzee Agustino alipokuwa katikati ya sala, kuku alimrukia akatulia begani. Mzee hakukatisha sala. Zita, macho yakiwa bado meupe, aliangua kicheko mpaka akagaagaa sakafuni, dakika mbili nzima, na kamera ilikuwa inarekodi.

"Yeyote angeona kile kipande angejua," anasema Didas. "Mtu mwenye pepo hachekeshwi na kuku."

Lakini kadi ilikuwa imejaa na Jumamosi kulikuwa na harusi. Akafuta, kama anavyofuta siku zote vipande visivyotumika. Ameshaipeleka kadi kwa mafundi watatu bila mafanikio. Siku hizi anapata harusi moja kwa mwezi, akibahatika. Wapo wanaosema kamera yake inaona visivyoonekana.

Gendabi ni kijiji cha tisa ambacho Didas amepita na Zita kuonyesha kwamba ile ilikuwa filamu tu. Jumapili ijayo, baada ya misa, ni Hirbadaw. Hawataonyesha filamu. Watairudia ile sehemu ya sala uwanjani kwa Mzee Nicodemo, mchana kweupe, kamera ikiwa juu ya stendi, na mwisho majina yote yatasomwa kwa sauti. Baba amekubali kukaa mbele mpaka jina la mwisho. Amesema akimwona bintiye akicheka kama anavyomjua, atamshika mkono yeye mwenyewe na kumpeleka kaburini, majirani wakiona.

Watu wanapokwisha kutoka ghalani, Didas anamwelekezea Zita kamera. "Cheka kama siku ile ya kuku."

Zita anacheka. Anarudia, anarudia tena. Wanakaa pamoja kutazama kwenye kioo kidogo cha kamera.

"Hapana," anasema Didas. "Hii ndiyo inaonekana ya kuigiza."

Zita anaanza kukunja mablanketi. Amekunja mawili ndipo anaposema.

"Kaka Didas, pale nyumbani kuku wapo. Mama aliwaacha kumi na mmoja. Labda mmoja atapanda begani."